Kengele Iliyolia Dakika Moja

Mezani kwa Sajenti kulikuwa na vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichomtuliza moyo. Cha kwanza, kufuli la kufungia sahani ya breki. Cha pili, rimoti ndogo ya kengele yenye vitufe viwili. Cha tatu, ufunguo wa pikipiki. Pikipiki yenyewe ndiyo haikuwepo. Ilikuwa imeibwa juzi, saa nne asubuhi, jua limewaka, uani mwa zahanati, siku ya chanjo ambapo watu wamejaa mpaka getini.

Na ole wake aliyeiba, maana hakuiba pikipiki ya mtu wa kawaida. Ilikuwa ya mkunga, ambaye mtaa mzima unamwita Sista, wakubwa kwa wadogo. Walioinunua ni akina mama aliowazalisha. Walijichangisha kidogo kidogo kwa miaka miwili ili asitembee tena kwa miguu kwenda kumwokoa mtu mwenye uchungu, na walipomkabidhi wakampa masharti: ifungwe kengele, ifungwe kufuli, na ufunguo usitoke mwilini mwake hata anapokula. Tangu juzi Sista alikuwa amerudia miguu.

Kengele ilifungwa na fundi mmoja mwembamba mwenye kibanda mkabala na stendi ya pikipiki. Jina lake la kuzaliwa wengi wamelisahau. Ni Fundi Kengele, basi. Sasa huyo Fundi Kengele alikuwa mahabusu, hatua kumi na mbili kutoka meza ya Sajenti, usiku wake wa pili umekwisha. Mashahidi watano walikuwa wamesema jambo moja: kengele ililia kama dakika nzima, kisha ikatoa milio miwili mifupi na kunyamaza. Milio miwili maana yake mtu amebonyeza rimoti. Rimoti ziko mbili tu duniani, moja ya Sista na moja ya akiba, ambayo Fundi huitundika ubaoni kibandani kwake. Sista naye alikuwa ameandika maelezo na kuweka sahihi kwamba ufunguo wake na rimoti yake vilikuwa mwilini mwake tangu alfajiri hadi alipogundua ameibiwa, na akavikabidhi mezani kwa Sajenti.

Mkuu wa kituo, mtu anayependa mafaili membamba, akasema hesabu imeisha. Rimoti ya Sista ilikuwa kwa Sista, basi aliyebonyeza ni mwenye ile nyingine. Ufunguo? Fundi anauza makufuli, atashindwaje kuchonga ufunguo? Gari la mahakama linaondoka saa tisa alasiri, na Fundi atakuwa ndani yake. Akishafika rumande, Sajenti alijua, atakaa miezi kabla ya mtu kufungua faili lake, na hata akiachiwa hakuna atakayemkabidhi tena pikipiki aitie kufuli. Nani ampe mwizi kazi ya kuzuia wizi?

Sajenti alikuwa mama wa makamo, mzito wa hatua, na waendesha pikipiki walimwita Taratibu akishawapa kisogo. Yeye mwenyewe jina hilo alilijua na lilimpendeza. Hakupenda kuharakishwa, na leo alikuwa na sababu moja zaidi ya kutoharakishwa. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikaa saa kumi na tisa katika chumba cha Sista, mtoto amegoma kutoka, na Sista hakuondoka hata kwenda kunywa maji. Leo mtoto huyo ni binti anayebishana naye kila asubuhi kuhusu soksi. Kila binti akibisha, Sajenti hushukuru kimoyomoyo. Kwa hiyo Sista akisema jambo, Sajenti alitamani sana liwe kweli.

Lakini ufunguo ulimkera. Aliuinua, akausogeza karibu na miwani. Pikipiki ilikuwa na miaka mitatu, inaendeshwa kila siku, kwenye vumbi na mvua. Ufunguo ulikuwa unang'aa, meno yake makali, hauna hata mkwaruzo mmoja. Huu haukuwa ufunguo wa kila siku. Huu ulikuwa umelala kwenye droo tangu siku pikipiki ilipotoka dukani.

Akaufunga kwenye karatasi, akauweka mfukoni, akaenda selo.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ndevu zimeanza kumchokoza. Alipomwona Sajenti hakuuliza habari za dhamana wala za mke wake. Aliuliza kama ni kweli kengele ililia.

"Dakika nzima," Sajenti akamwambia.

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mtu aliye selo alionekana ameridhika kupita kiasi. Kisha akasema neno ambalo Sajenti alilirudia kichwani siku nzima.

"Sajenti, hebu fikiri. Mimi rimoti ninayo mkononi, nimekuja kuiba. Niiguse kwanza, niiache ipige kelele dakika nzima watu wote wageuke, ndipo niizime? Ningeizima nikiwa bado barabarani. Aliyefanya hivyo hakujua hata kitufe kipi ni kipi."

Sajenti akaandika. Akavuta kigoda, akakaa, akamwambia amweleze ile kengele mwanzo hadi mwisho, kama anavyomweleza mteja mbishi. Fundi hakuhitaji kubembelezwa. Akaeleza kwamba kengele yake husikia mtikisiko, na ikishtuka hulia mpaka izimwe kwa rimoti. Kwamba kufuli la sahani ya breki na la usukani hufunguliwa kwa funguo zilizo kwenye pete moja, lakini rimoti yeye humkataza kila mteja kuichanganya na funguo. Huwaambia funguo mfuko huu, rimoti mfuko ule. Wengi humcheka na kumwona ana makuu. Na kwamba ameongeza kitu chake mwenyewe ambacho hakimo kwenye kengele za dukani: ufunguo ukizimwa, hata kama hujabonyeza chochote, baada ya nusu dakika kengele hujiwasha yenyewe na kukata moto wa plagi. Bila rimoti, pikipiki haiwaki ng'o.

"Na ufunguo ukiachwa umewashwa?" Sajenti akauliza.

Ukiachwa umewashwa, Fundi akasema, kengele hukaa kimya, ikidhani mwenyewe yuko juu ya kiti. Lakini nani mwenye akili atakayeiacha pikipiki uani, makufuli yote wazi, na ufunguo umewashwa?

Sajenti akaliandika swali hilo. Alitazama saa. Ilikuwa saa nne na robo.

Zahanati iko umbali wa mtu kutembea bila kuchoka. Sajenti alienda kwa miguu, akasimama uani mahali pikipiki ilipokuwa imeegeshwa, chini ya dirisha la chumba cha kuzalishia. Alimwita mlinzi amweleze tena. Mlinzi hakuwa na jipya. Alisikia kengele, akageuka, ikanyamaza kwa ile milio miwili, akajua ni Sista, akarudi kupanga foleni ya chanjo. Pikipiki siku hiyo zilikuwa zinaingia na kutoka kama siafu, zinashusha wamama na vichanga. Ile ya Sista ilitoka saa ngapi hakuona.

Kufuli la breki, je, lilikutwa wapi? Mlinzi akaonyesha kwa kidole: pale juu, kwenye kizingiti cha dirisha. Sajenti akalitazama dirisha kwa muda. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo wake, halikukatwa, halikutupwa, liliwekwa mahali pazuri lisikanyagwe na mtu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mwizi mstaarabu namna hiyo.

Mfagizi wa zahanati, mama mmoja mwenye maneno mengi na ufagio mkononi muda wote, ndiye aliyemfungua macho. Kwenye faili Mkuu wa kituo alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kwamba mwizi alipekua zahanati yote kabla ya kuchukua pikipiki. Mfagizi akasema alipekua kweli, ila huyo mwizi alikuwa na wazimu. Kufuli la mlango wa nyuma lilikutwa limening'inia wazi. Kabati la dawa na bandeji wazi, na hakuna kilichopungua, Sista mwenyewe alihesabu. Stoo ya mifagio wazi, na mifagio yote ipo. Madirisha ambayo hayajafunguliwa tangu mvua zianze, wazi. Funguo zote hutundikwa nyuma ya mlango wa stoo, kila mtu anajua.

"Halafu kamba yangu ya kuanikia," mfagizi akasema, na hapo ndipo uchungu wake hasa ulipokuwa. "Amefungua mafundo yote mawili, mashuka yangu yote chini, nimefua upya. Sasa mwizi anataka nini kwenye kamba, jamani?"

Sajenti aliacha kuandika. Mwizi wa dawa huchukua dawa. Mwizi wa pikipiki hana haja na stoo ya mifagio. Na mwizi wa aina yoyote ile hasimami jua linawaka akifungua fundo la kamba ya mashuka. Aliyepita hapa hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akifungua tu.

Akamuuliza mfagizi kama asubuhi hiyo kulikuwa na mama mwenye uchungu. Alikuwepo, mfagizi akasema, binti wa uzazi wa kwanza, aliletwa usiku, na kulipokucha mtoto bado. Alizaa saa ile ile ya wizi. Wote walikuwa wanashangilia ndani, ndiyo maana hakuna aliyejua pikipiki imekwenda.

Sajenti akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Aliikumbuka saa ya kumi na saba ya uchungu wake mwenyewe. Shangazi yake aliinama juu yake, akaanza kumfumua nywele, suka moja baada ya nyingine, bila kusema kwa nini. Baadaye shangazi alimwambia kwamba mtoto akikwama, kitu chochote kilichofungwa nyumbani kifunguliwe, fundo lolote lilegezwe, apate njia. Sajenti alicheka siku hiyo, lakini alicheka mtoto akiwa tayari kifuani.

Na alikumbuka jambo la pili, ambalo lilimnyima raha. Saa kumi na tisa zile alizimaliza akitazama kitu kimoja ukutani, kwa kuwa kichwa chake kilielekea huko: koti jeupe la Sista, kwenye msumari, karibu na mlango. Sista hazalishi na koti. Hulivua, hulitundika, huosha mikono mpaka viwikoni, huvaa aproni. Ndivyo alivyofanya miaka kumi na mmoja iliyopita, na Sista si mtu wa kubadili taratibu zake.

Alimkuta katika chumba kile kile, anapanga vifaa. Sista alimkumbatia, akamuuliza habari za binti, akamwambia binti kubishana ni dalili ya afya. Sajenti alijibu yote. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaweka ule ufunguo unaong'aa kwenye trei, katikati ya mikasi.

"Dada," alisema, na hakumwita Sista. "Wewe ulinipa mwanangu. Sitasahau mpaka naingia kaburini. Lakini nimelala chumba hiki, nalijua lile koti linatundikwa wapi. Ufunguo wa kila siku uko wapi?"

Sista aliutazama ufunguo. Mikono yake ilishika ukingo wa meza.

Alieleza kwa sauti ndogo. Koti lilikuwa kwenye msumari, ufunguo mfuko wa kulia, rimoti mfuko wa kushoto, kama Fundi alivyomfundisha. Mtoto alipotoka salama alivaa koti, akakuta rimoti ipo na ufunguo haupo, akatoka mbio nje, akakuta pikipiki nayo haipo. Aliogopa. Si kuogopa polisi. Aliogopa akina mama. Watu waliochanga akiba ya unga na sabuni wamnunulie chombo, halafu aseme aliacha ufunguo ukutani? Kwa hiyo akaenda nyumbani, akachukua ufunguo wa akiba, akaandika alichoandika. Hakujua kama neno lake lingemfunga mtu. Alipojua, akajiambia kwamba pengine Fundi ni mwizi kweli. Aliliombea hilo liwe kweli, alisema, na alipolisema akalia.

Sajenti hakumkaripia. Alimshika bega mpaka alipotulia, kisha akamwambia ukweli mtupu: saa tisa gari linaondoka, na hakuna wa kumtoa Fundi ila yeye, kwa maelezo mapya na sahihi ile ile. Sista akafuta macho, akasema ataandika. Wakimnyang'anya pikipiki ikipatikana, na wamnyang'anye.

Hapo Sajenti akauliza kuhusu yule mzazi. Alikuwa na nani? Na mkwewe, Sista akasema, mama wa mumewe, bibi mmoja asiyetulia, aliyeambiwa akae nje akawa anaingia na kutoka. Aliingia chumbani mara mbili tatu, akasimama pale mlangoni. Sista alikuwa ameinama kazini, kichwa cha mtoto kinaonekana, nani angehangaika na bibi?

Na mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi? Sista alishangaa swali hilo. Yalikuwa mwisho kabisa, alisema. Alikuwa anapanga kupita kituo cha mafuta chanjo ikiisha.

Sajenti alisimama kwa kasi ambayo waendesha pikipiki wasingeiamini. Ufunguo umewashwa, makufuli yamefunguliwa, mpita njia mwenye mkono mwepesi amepanda na kuondoka. Lakini tangi ni tupu, na kifuniko cha tangi kinafunguliwa kwa ufunguo ule ule. Kukifungua ni lazima auchomoe usukanini. Akiuchomoa, nusu dakika. Na rimoti ilikuwa kotini kwa Sista.

Kituo cha mafuta cha karibu kiko mwisho wa barabara ya zahanati, na Sajenti hakufika hata kwenye pampu. Aliiona kwa mbali, nyuma ya mapipa ya kuoshea magari, imefunikwa turubai, tairi la mbele limechungulia nje. Alisimama akamshukuru Mungu kwa sauti, peke yake, katikati ya magari.

Mhudumu wa mafuta, kijana wa watu mwenye adabu, alieleza bila kuzungushwa. Juzi alikuja jamaa mwenye haraka, akajaziwa, akalipa, akakaa kitini. Alipotaka kuwasha, ikapiga kelele ya kupasua masikio. Akahangaika nayo, watu wakaanza kumtazama, akasema ameisahau rimoti nyumbani, anaifuata. Akaacha helmeti yake juu ya kiti kama dhamana ya kurudi, na ufunguo bado uko pale pale usukanini. Hajarudi. Kelele haikukoma mpaka walipochomoa waya wa betri. Hawakuripoti kwa kuwa pikipiki mbovu huachwa pale kila wiki.

Sajenti aliandika sura ya huyo jamaa, mavazi yake na namna alivyoongea, akaifunga helmeti kwenye mfuko kama ushahidi. Mwenye helmeti atatafutwa, na siku yake ipo. Leo alikuwa na kazi nyingine, na saa ilikuwa saba na dakika ishirini.

Nyumba ya yule mzazi ilikuwa mtaa wa pili. Mlangoni palikuwa na nepi zimeanikwa na ndani palinukia poda. Binti alikuwa kitandani, mtoto amelala kifuani, na nywele zake zilikuwa upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimefumuliwa, bado hajapata wa kumsuka upya. Bibi alimkaribisha Sajenti kiti, akamkaribisha chai, akamkaribisha mtoto amwone. Sajenti akambeba. Alikuwa mzito kuliko alivyotarajia.

Alirudisha mtoto kwanza, ndipo akamuuliza bibi, kwa heshima, ni nani aliyefungua kamba ya mashuka ya zahanati.

Bibi hakukana. Aliketi, akaweka mikono magotini, akasema ni yeye. Alifungua kila alichokiona: milango, makabati, madirisha, kamba, hata viatu vya mlinzi alimwambia alegeze gidamu, mlinzi akamkatalia. Na mtoto bado. Kilichobaki kimefungwa kilikuwa ile pikipiki chini ya dirisha. Aliona funguo kotini, akachukua vyote alivyovikuta, na alipoigusa ikamlilia. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, mpaka ikanyamaza. Akatoa lile kufuli la gurudumu, akaliweka dirishani. Kisha akatia ufunguo pale usukanini.

"Niliuzungusha mpaka mwisho, mama," alisema. "Ulipogota tu, nikamsikia mjukuu wangu analia."

Alikimbilia ndani. Kile kidude cha vitufe alikirudisha kotini kwa kuwa kilikuwa mkononi. Ufunguo aliuacha ulipo, maana kilichofunguliwa hakifungwi mpaka mama na mtoto wametulia. Alipokumbuka, pikipiki haipo. Akaona haya kusema. Alijua amemkosea Sista, na alikuwa anatafuta namna ya kwenda kumwomba radhi.

Sajenti akamwambia kwamba kuna mtu yuko selo kwa ajili hiyo, siku ya pili leo. Bibi hakuwa na habari. Alikuwa ndani na mzazi, hakuna aliyemwambia. Alisimama kabla Sajenti hajamaliza, akatafuta viatu, akavaa kimoja cha kwake na kimoja cha mkwewe, akawa wa kwanza kufika barabarani.

Walifika kituoni saa nane na nusu, msafara wa ajabu kidogo: Sajenti mbele, bibi na viatu vyake viwili visivyofanana, Sista na maelezo mapya mkononi, na nyuma yao wahudumu wawili wa kituo cha mafuta wanasukuma pikipiki. Dereva wa gari la mahakama alikuwa tayari amewasha injini. Mkuu wa kituo akatoka kibarazani. Sajenti akampa karatasi moja baada ya nyingine, taratibu, kila moja na sahihi yake, na akasubiri aisome kabla ya kumpa inayofuata. Mkuu alisoma. Alipomaliza ile ya bibi aliirudia tena tangu mwanzo, akatazama pikipiki, akatazama kufuli, akaagiza gari lizimwe. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaenda mwenyewe kumfungulia Fundi.

Fundi alitoka akikunja macho kwa mwanga. Sista alimsogelea, akamweleza mbele ya watu wote alichoandika, kwa nini alikiandika, na kwamba kilikuwa uongo. Hakujitetea. Fundi alimsikiliza akitazama chini, na hakusema kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Siku mbili si mchezo. Alichosema ni kwamba angependa Sista apite naye stendi, kwa miguu, watu wawaone wakiwa pamoja. Sista akakubali hapo hapo.

Ndipo bibi akapita katikati yao. Alijaribu kupiga magoti, Fundi akamshika mikono kabla hajafika chini. Bibi akasema yote, pikipiki na kamba na kidude cha vitufe, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatishwa. Alisema yeye ndiye aliyestahili kulala mle, akamwomba amsamehe kama mama yake.

Watu wakasogea wakimsubiri Fundi. Sajenti hakuweza kubashiri atasema nini. Angekasirika, nani angemlaumu?

"Mtoto mzima?" Fundi akauliza.

"Mzima, baba. Na mama yake mzima."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akafunika uso kwa kiganja, lakini machozi yalikuwa yameshamtoka mbele ya askari, madereva na wauza mafuta.

"Basi nashukuru," alisema. Akamshika bibi mkono, akamsaidia kushuka ngazi za kibaraza, kwa kuwa vile viatu vilikuwa vinampa shida.